Safari ya Ruaha hupangwa kwenye mabanio ya Usangu

Kila mwaka kabla ya kiangazi, mawakala wa utalii hupanga safari za Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Huangalia magari, mafuta, vitanda na barabara ya takriban kilomita 130 kutoka Iringa mjini hadi Msembe. Jambo moja huachwa nje ya mpango huo, nalo ni maji.

Ni vyema mfanyabiashara na mkulima wakaelewa jinsi msimu huo unavyokwenda. Anayetaka kuona tembo, nyati na simba kwa urahisi huenda kati ya Juni na Oktoba, nyasi zikiwa zimekauka na wanyama wamekusanyika kando ya Mto Ruaha Mkuu. Mpenzi wa ndege huenda Januari hadi Aprili, ingawa baadhi ya njia hujaa tope. Kwa hiyo biashara kubwa ya hifadhi iko kiangazi, na kiangazi chote kinategemea mto mmoja.

Mto huo hupitia Usangu, wilayani Mbarali, ambako Mbarali, Kimani, Chimala na mito mingine huteremka kutoka milimani. Maji hujaa kwenye ardhi oevu ya Ihefu, kisha hutoka taratibu kupitia mwamba wa Ng'iriama kuelekea hifadhini, Mtera na Kidatu. Kina cha Ihefu kikishuka chini ya mwamba huo, hakuna tone linalovuka. Tangu mwaka 1993 mto umekuwa ukikatika karibu kila kiangazi, kwa wiki kadhaa au hata miezi. Viboko hubanana kwenye madimbwi na samaki hufa.

Hasara haiishii kwa wanyama. Mtera ina uwezo wa kuzalisha megawati 80 na Kidatu megawati 204. Mwaka 2006, ukame ulipopunguza maji ya mabwawa, mashine za kusaga na saluni zilisimama kwa mgawo wa umeme.

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 2006 na 2007 wafugaji waliondolewa Ihefu pamoja na mifugo yao. Mwaka 2008 eneo la Usangu liliingizwa ndani ya hifadhi, ambayo ilizidi kilomita za mraba 20,000. Hata hivyo mto uliendelea kukauka, na mwaka 2017 Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, aliunda kikosi kazi cha kuunusuru. Kuhamisha watu peke yake si dawa.

Dawa iko kwenye mabanio. Mpunga wa Usangu ni zao la masika. Unapovunwa, majaruba hayahitaji tena maji mengi, lakini mifereji mingi huendelea kuchota mto mchana na usiku. Maji hayo hutuama mashambani na kupotea juani bila kumnufaisha yeyote.

Wako wanaosema mkulima ni mkaidi. Lawama hiyo haimtendei haki. Vijiji vingi hunywa, hufua na kunywesha mifugo kutoka mfereji huo huo. Kumwambia mama wa Mbarali afunge banio Agosti bila kumwonyesha kisima ni kumwambia watoto wake walale na kiu. Wa kwanza kutoa fedha za visima na mabomba hayo wanapaswa kuwa wale wanaovuna kiangazi: hifadhi, wenye hoteli na wazalishaji wa umeme. Hiyo ni gharama halali ya biashara yao, sawa na dizeli ya magari.

Mkulima naye ana wajibu wake. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inatambua Jumuiya za Watumia Maji, na Bodi ya Maji Bonde la Rufiji ndiyo inayotoa vibali. Jumuiya iliyo hai ipange tarehe ya kufunga kila banio baada ya mavuno, iitangaze, na imtoze faini anayeiba maji usiku, awe mwenye jaruba moja au mwenye shamba kubwa.

Faida nayo ifike kijijini. Tungamalenga, kijiji kilicho jirani na lango la hifadhi, kina kambi za wageni wanaokula kila siku. Mchele, mayai, nyanya na vitunguu vyao vinaweza kutoka kwa wakulima wa mabonde haya, ikiwa kambi zitatoa oda mapema na vikundi vitaleta bidhaa safi kwa wakati. Mkulima anayemuuzia mchele mwenye kambi hahitaji semina ya kumweleza kwa nini mto usikauke.

Atakayepanga safari ya Agosti mwakani basi aanze kuuliza Mei: mabanio yatafungwa lini, na visima vimechimbwa vingapi?