Nyumba ya kwenye simu na jua la Pasiansi

Mama zangu, leo chanjo zipumzike kidogo, tuongee nyumba. Kila anayejenga huku kwetu ana picha kwenye simu: paa limefichwa nyuma ya ukuta, upenu hakuna, baraza hakuna, madirisha ya alumini ya kusukuma. Nyumba hiyo hiyo utaikuta Dodoma, utaikuta Mbezi kule Dar. Pichani inapendeza, sibishi.

Ila jua linapiga ukuta moja kwa moja, na dirisha la kusukuma linafunguka nusu tu. Mvua ya upepo ikija kutoka ziwani, mnafunga na ile nusu. Na kichanga yumo humo, kafunikwa blanketi mbili! Halafu, "nesi, hivi vipele ni nini?" Harara hiyo, mama. Joto.

Nendeni Bujora, pale Kisesa. Padri David Clement alitoka Kanada, lakini kanisa alilijenga kwa mtindo wa msonge wa Kisukuma, na kwenye makumbusho kuna banda lenye umbo la kiti cha mtemi. Mgeni huyo!

Sisemi turudi kwenye nyasi. Bati ni bati. Ila mwambieni fundi paa lipite ukuta, baraza liwepo, chumba cha watoto kiwe na madirisha pande mbili, yenye wavu wa mbu. Na yale mawe ya kiwanjani, muulizeni kwanza kama msingi unaweza kukaa juu yake. Maana mnalipa watu wayapasue na kuyaondoa, halafu mnaenda dukani kununua vigae vya mfano wa mawe, mnabandika ukutani.