Vuli Yetu Haipukutishi Majani

Leo nina ugomvi, na ninautaja mapema ili asiyetaka ugomvi apite zake salama.

Niliombwa kusoma insha za wanafunzi wa sekondari. Mada ilikuwa nyepesi: kijiji chetu. Mmoja wao, mtoto wa Nyarubungo, mwenye Kiswahili safi kuliko cha walimu wengi, aliandika kwamba vuli ilipowadia majani ya miti yaligeuka dhahabu, yakapukutika, na maua ya mwisho yakainama kwa baridi. Nikamwita.

“Shikamoo, Mwalimu.”

“Marahaba. Hebu niambie, vuli iliyopita nyumbani mlikuwa mnafanya nini?”

“Tulikuwa tunapanda maharage.”

“Na majani ya miti?”

Akacheka kwa aibu. “Yalikuwa yanaota.”

“Sasa haya yanayopukutika umeyaona wapi?”

“Kwenye kitabu, Mwalimu.”

Simlaumu mtoto. Ninawalaumu watafsiri, na ninajilaumu mimi mwenyewe niliyefundisha miaka yote hiyo bila kulisema. Kuna majira huko Ulaya, kati ya Septemba na Novemba, ambapo joto linaondoka, majani yanakauka na bustani inatoa maua yake ya mwisho. Mtafsiri akatazama kalenda, akaona miezi hiyo huku kwetu ni vuli, akaandika “vuli”. Miezi imelingana, ndiyo. Lakini vuli ni mvua. Ni jembe, ni mbegu, ni siafu mlangoni. Wenzetu wanafunga mwaka, sisi tunaufungua. Neno moja limebebeshwa vitu viwili vinavyopingana, na mtoto wa Biharamulo ameamini kitabu kuliko dirisha la darasa lake.

Utasema ni kosa dogo la kamusi. Ningekubali, kama lingebaki kwenye kamusi. Lakini limeingia bustanini.

Kuna shule moja, sitaitaja, iliyokuwa na safu ya bogainvilia mbele ya ofisi, kanna nyuma ya jiko, na mti mmoja mzee wa maua mekundu pale wanafunzi walipopangia mstari. Ikaundwa kamati ya kupendeza mazingira. Kamati ikafyeka vyote. Ikapanda ukoka, ikapanga mawe na kuyapaka chokaa, kisha ikanunua pakiti za mbegu zenye picha ya bustani ya Ulaya: asta, krisantemu, maua ya “mwisho wa msimu”. Msimu upi? Hakuna aliyeuliza. Juni mvua ikakata. Kufika Agosti palikuwa na vumbi jekundu na mawe meupe. Mawe kwa kweli yalistahimili.

Tuelewane kuhusu krisantemu. Ua hili halina ubaya. Ila lina saa yake: linasubiri usiku uwe mrefu ndipo litoe maua. Huko kaskazini usiku hurefuka baada ya Septemba, kwa hiyo linachanua wakati mengine yanakufa, na ndiyo maana wakulima wa bustani wa huko wanalipenda. Ngara na Biharamulo ziko karibu na mstari wa Ikweta. Tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi wa mwaka mzima haifiki hata nusu saa. Usiku wetu ni mrefu vya kutosha kila mwezi, na ndiyo sababu wanaolima krisantemu kibiashara Afrika Mashariki huwasha taa usiku ili kulizuia lisichanue kabla ya kukua. Ukilipanda Nyarubungo ukitarajia likuletee rangi ya “mwisho wa msimu”, umelikabidhi kazi lisiyoijua.

Saa ya kwetu ni mvua. Mwisho wa msimu kwetu ni kiangazi, Juni mpaka mvua za Septemba zinapobisha hodi. Na hapo ndipo ninapokasirika zaidi, maana eti tunaambiwa kwamba kiangazi chetu hakina rangi.

Toka nje uangalie. Mvua za masika zikiisha, kingo za barabara zinajaa alizeti pori ya njano, ile chungu ambayo wengine huipanda kuwa ua wa boma na majani yake wakayafanya mbolea. Baadaye bogainvilia, ambayo ukiilisha maji mengi inatoa majani tu, lakini ikionja ukame inawaka. Kuna lile ua la rangi ya chungwa lililopangana shinani kwa vishada vya mviringo kama ghorofa, watoto wanalinyonya utamu. Na katikati ya vumbi, wakati umekata tamaa kabisa, mti wa mbegu nyekundu zenye doa jeusi unaangusha majani yote na kubeba maua kama makaa ya moto. Ndege chozi wanaugombania. Wenzetu wa Rwanda na Burundi wanauita umuko au umurinzi, na hilo la pili ni ndugu wa neno letu mlinzi. Wanasimulia kwamba Ryangombe alipopigwa na nyati, mti huu ndio uliompokea. Ndio mti uliofyekwa pale shuleni ili mawe yapate nafasi.

Kwa hiyo ukitaka majani yanayopukutika, unayo. Ila yanapukutika Julai, na yanapukutika ili kupisha maua.

Najua hoja ya pili inayokuja: maua hayaliwi. Nimeisikia kwa watu wazima wenye vyeo. Waulizeni warina asali wa Biharamulo nyuki wanakula nini kiangazi, moto ukishapita porini. Ua linalochanua wakati mengine yamelala ni ghala. Ukilifyeka kwa jina la usafi, usije Januari kulalamika kwamba asali imepanda bei.

Tena silii kwamba haya ni mageni na yale ni yetu. Alizeti pori ilitoka Mexico, bogainvilia ilitoka Amerika ya Kusini. Ugeni si dhambi. Dhambi ni kupanda picha badala ya mmea, na kuandika kitabu badala ya kijiji.

Nirudi kwenye fasihi, maana hapa ndipo nyumbani kwetu. John Keats aliandika shairi lake maarufu la majira hayo ya Ulaya mwaka 1819, baada ya kutembea mashambani kando ya Winchester. Lina maua ya mwisho na nyuki wake, kwa sababu aliyaona. Sisi tuliiga majira yake, hatukuiga macho yake. Mwalimu mwingine yuko karibu zaidi, hapo Ukerewe: Aniceti Kitereza. Alimaliza riwaya yake ya Myombekere na Bugonoka mwaka 1945 kwa Kikerewe, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, ikachapishwa mwaka 1980. Soma jinsi anavyotaja miti, dawa na vyakula vya watu wake kwa majina, bila haraka na bila kuomba radhi. Kisha soma hadithi zetu za leo: “maua mazuri ya rangi mbalimbali”. Yapi, bwana? Hayana jina?

Ninachodai si kikubwa. Watafsiri, acheni “vuli” ibaki mvua. Andikeni majira ya majani kupukutika, hata kama ni refu. Walimu, kabla ya insha, mpeni mtoto kazi ya kutaja maua matatu yanayochanua kwao mwezi Agosti, kwa Kiswahili, Kisubi au Kihangaza, lolote analolijua. Wakuu wa shule, pandeni vipandikizi vya bogainvilia na magogo ya huo mti mwekundu vuli inapoanza, mizizi ishuke kabla ya jua kuwa kali. Funikeni shina kwa majani makavu ya migomba. Kanna zikae pale yanapomwagwa maji ya vyombo. Pogoeni baada ya maua, si kabla.

Yule mtoto aliirudia insha yake. Aliandika kwamba mwezi wa nane mti ulio nyuma ya jiko lao hauna jani hata moja, umejaa wekundu, na bibi yake hataki uguswe. Sentensi ilikuwa na makosa mawili ya tahajia. Nikayasahihisha, nikampa alama za juu kuliko zile za kwanza.