Maoni na Rai

Wapo wasemao kwamba mtu wa Masasi au Newala ana maoni tu, lakini msomi hutoa rai. Kwa hesabu yao neno la kwanza ni la vijijini. La pili lina elimu ndani yake kwa kuwa limetoka Uarabuni. Hoja hii hupendeza masikioni, lakini haina mizizi.

Rai kweli ni neno la Kiarabu. Lakini Waarabu nao wamelipata wapi? Limetokana na kitenzi chao raa, yaani kuona. Maoni nayo yametokana na kuona. Basi kilichosifiwa kuwa elimu ya ng'ambo ndicho kile kile kilichodharauliwa nyumbani. Tena mzizi huu ni wa kale katika Kibantu: Wazulu husema bona, na kutoka hapo wakapata umbono, yaani maoni. Hawakungoja Kiarabu.

Sarufi yastahili kutazamwa zaidi. Ona imepewa ma- mwanzoni na -i mwishoni, kama penda ilivyozaa mapenzi na lea malezi. Kamusi hutaja umoja wake, oni, ila midomo ya watu haiutaki. Hata mwenye neno moja tu husema "maoni yangu ni haya". Rai, iliyo katika ngeli ya N, haina kitenzi cha Kiswahili kilichoizaa, hutolewa tu. Mwenye maoni anacho kitenzi mkononi: naona, twaona, nionavyo mimi. Katika hilo la mwisho -vyo hubeba namna. Msemaji hadai kwamba jambo liko hivyo. Asema ndivyo aonavyo. Ni adabu kubwa ya hoja kukaa katika silabi moja.

Wengine, wakishindwa hapo, husema watu wa kusini hawana haki ya kuamua neno la Kiswahili, maana nyumbani husema Kimakonde, Kimakua au Kiyao. Wamesahau mwaka 1876, Askofu Steere alipofika Masasi, chini ya uwanda wa Makonde, pamoja na watumwa walioachwa huru kutoka Unguja. Kamati ya Lugha ilipoundwa mwaka 1930, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kaa huko zaidi ya miaka hamsini.

Hata hivyo, mzee wa Newala asimamapo mkutanoni na kuanza, "Nionavyo mimi," karani huweka kalamu chini akingoja rai. Asiyejua Kiswahili hapo ni karani.