HAKI YA MWANAMKE KAZINI ISIISHIE BUNGENI



Wazee wetu wanakumbuka kuwa katika uchaguzi wa Julai 1957 mwanamke wa Unguja na Pemba hakuwa na kura. Alipiga kura Januari 1961, na tangu hapo hakuna chama kisichobisha hodi mlangoni kwake. Hiyo ilikuwa haki ya kwanza. Leo twataka kunena juu ya haki ya pili, yaani haki ya mwanamke kazini, na mfano wetu twautoa Bara, huko Chato, katika Mkoa wa Geita.

Chato twaijua sote. Huko ndiko alikozikwa Rais Magufuli tarehe 26 Machi 2021, wiki moja baada ya binti wa Unguja, Bibi Samia Suluhu Hassan, kula kiapo cha urais. Kiti kikubwa kupita vyote kikakaliwa na mwanamke. Bungeni nako, Katiba imewawekea wanawake viti maalumu visivyopungua asilimia 30 ya wabunge wengine wote.

Je, mwanamke wa mkanda ule wa dhahabu amepata nini?

Katika machimbo madogo ya huko, shimo aghlabu ni la mwanamume. Wako wanaoamini kuwa mwanamke akishuka, dhahabu hukimbia. Basi yeye hubaki juu, juani, akitwanga mawe, akichekecha unga wake, akishika zebaki kwa mikono mitupu, au akiwapikia wachimbaji. Viroba vya mawe vinapogawanywa, wa kwanza ni mwenye shimo na wachimbaji wake. Mwanamke hupewa ujira wa kutwa, wala hana mkataba.

Si kwamba sheria haipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya 2004, inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, ndoa au mimba. Inaamuru ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inampa mzazi likizo ya siku 84 yenye malipo. Tena inamtaka mwajiri aandike mpango wa kuondoa ubaguzi na kuusajili kwa Kamishna wa Kazi. Twauliza: ni wenye mashimo wangapi waliopata kuiona karatasi hiyo? Wahenga walisema, kivuli cha mvumo hufunika walio mbali.

Wako wanaosema kuwa viti maalumu ni sadaka, na heri vifutwe. Hatukubaliani nao. Mlango uliokomelewa miaka mingi haufunguki kwa kubembelezwa. Lakini twasema wazi: idadi ya viti si mizani ya ujira. Mbunge aliyeingia kwa fungu la wanawake ana deni kwa yule anayetwanga mawe, na deni hilo hulipwa kwa kuuliza Bungeni kila mwaka: wakaguzi wa kazi wamefika machimboni mara ngapi, na wameandikisha mikataba mingapi?

Wala tusiwacheke wa Bara. Sisi tunayo Sheria ya Ajira Namba 11 ya 2005, na wakulima wetu wa mwani, ambao wengi wao ni wanawake, wangali wakiuza kwa bei wasiyoipanga wao. Na katika matawi yetu wenyewe, nani hutandika majamvi, na nani hushika daftari la fedha?

Basi kila tawi lijibu swali hilo kwanza. Tukiisha kulijibu, tutakuwa na uso wa kumuuliza mwenye shimo wa Chato.