Maajabu Yaliyo Karibu na Mumbuni

Watu wengi hudhani ya kuwa mambo ya ajabu hupatikana Misri, au Bara Hindi, au katika nchi za baridi kali, wala hawatazami penye milango yao. Mkulima wa Mumbuni, kando ya mji wa Machakos, hahitaji nauli kubwa. Na aende Kyamwilu, upande wa vilima vya Kituluni, akiwa na debe la maji. Maji yakimwagwa barabarani pale, huonekana kupanda mlima. Motokaa ikitolewa gia na kuachwa bila breki, nayo hupanda pole pole kana kwamba inavutwa kwa kamba isiyoonekana. Wageni hufika, humwaga maji yao, hupiga picha, na hurudi kwao na hadithi.

Wenyeji wana masimulizi yao ya kale juu ya mahali hapo. Vijana waliokwenda shule husema kwamba iko sumaku chini ya ardhi. Jibu hilo la sumaku lina sura ya elimu, lakini elimu yenyewe haimo. Sumaku huvuta chuma. Haivuti maji ya debe wala mpira wa mtoto, navyo vyote viwili "hupanda" Kyamwilu sawasawa na motokaa.

Ajabu kama hiyo ipo Scotland, katika jimbo la Ayrshire, kwenye barabara iitwayo Electric Brae. Watu wa huko walidhani zamani kwamba umeme ndio uvutao vyombo, na jina likatokana na dhana hiyo. Wapimaji walipoleta vyombo vyao, ilionekana kwamba sehemu ile idhaniwayo kuteremka kwa kweli inapanda, futi 1 kwa kila futi 86. Jicho la binadamu halina pima maji ndani yake. Hukisia tambarare kwa kutazama upeo wa macho, miti na kingo za barabara. Mahali ambapo vilima vimeuficha upeo, na nchi yote ya kando imelala upande mmoja, jicho hudhani kwamba ule mlalo wa nchi ndio tambarare, na mteremko mdogo likauona kuwa mwinuko. Fundi mwashi aweza kuweka pima maji yake juu ya lami akahakikisha. Na hata akiisha kuhakikisha, bado atayaona maji yakipanda, jicho halifundishiki.

Liko kosa jingine ambalo ni kinyume cha hilo, yaani kukikataa kitu kilichoonekana kweli. Tarehe 3 Desemba 1849 mmisionari Johann Ludwig Krapf, akiwa Kitui katika nchi ya Wakamba, aliuona mlima mrefu wenye kilele cheupe, ambao habari zake alikuwa amekwisha kupewa na Kivoi, mkuu na mfanyabiashara mashuhuri. Mwenzake, Johannes Rebmann, alikuwa ameiona theluji ya Kilimanjaro tangu Mei 1848. Huko London alikuwako mjuzi wa jiografia, William Desborough Cooley, ambaye hakupata kuiona milima hiyo. Yeye alishikilia kwamba theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta, na kwamba wamisionari wamekosea. Wakamba walioutazama mlima ule kila asubuhi yenye anga safi hawakuhesabiwa kuwa mashahidi. Mwaka 1862 msafiri Karl Klaus von der Decken alipanda Kilimanjaro, theluji ikamwangukia. Cooley hakukubali hata hapo.

Wakamba huuita mlima ule Kiinyaa, na nyaa kwa lugha yao ni mbuni. Mwamba mweusi na barafu nyeupe vilifananishwa na manyoya ya mbuni dume. Wakikuyu nao huuita Kirinyaga, na ubishi juu ya asili ya jina haujakwisha. Lakini Krapf alilisikia kwa Wakamba, akaliandika kama alivyoweza, nalo baadaye likawa jina la nchi nzima. Kwa hiyo raia wa Kenya, apende asipende, huenda amebeba mbuni katika hati yake ya safari. Siku hizi barafu ya mlima imebaki kidogo sana, na yule mbuni anakwisha manyoya yake meupe.

Mbuni mwenyewe amesingiziwa duniani kote kwamba huficha kichwa mchangani ili asionekane. Hafanyi hivyo. Huinamisha shingo chini akalala kimya, au huingiza mdomo katika kiota kugeuza mayai. Jike, mwenye rangi ya vumbi, hulalia mayai mchana, na dume mweusi huyalalia usiku. Jambo lililo kweli juu yake ni gumu zaidi kusadikika: jicho lake ni kubwa kuliko ubongo wake.

Na vinyago vya Wakamba, ambavyo watalii huvinunua kama sanaa ya kale kabisa? Vigoda na vijiko ni vya kale. Lakini biashara ya kuchonga sanamu za watu na wanyama ilianzishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu, aliyejifunza kwa wachongaji wa Tanganyika wakati wa vita vya 1914 hadi 1918.

Hayo yote ni madogo mbele ya habari ya vilima vya Machakos vyenyewe. Mwaka 1937 Colin Maher, mtaalamu wa serikali wa kuhifadhi udongo, aliandika taarifa ya kutisha. Mvua ilikuwa imeuchukua udongo, makorongo yamepasua mashamba, ng'ombe wamemaliza majani. Nchi, kwa maoni yake, ilikuwa ikielekea kuwa jangwa la mawe na mchanga. Makorongo aliyoyaona yalikuwako kweli. Dawa ya serikali ikawa kupunguza ng'ombe kwa nguvu. Mwaka 1938 walikamatwa kwa maelfu wakauzwa kwa bei ya chini, na kiwanda cha nyama cha Liebig's kilikuwa tayari huko Athi River kuwapokea. Mwezi wa Julai maelfu ya Wakamba, wake kwa waume, walikwenda Nairobi kumtaka Gavana awasikilize, wakapiga kambi huko kwa majuma kadhaa. Kiongozi wao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa Lamu. Lakini kabla ya mwaka kwisha serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Leo mtaa mmoja wa katikati ya Nairobi una jina lake.

Basi lile jangwa li wapi? Mwaka 1994 Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki walitoa kitabu cha uchunguzi wao. Watu wa wilaya hiyo walikuwa kama 240,000 mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kufikia 1990 walikuwa 1,400,000 hivi. Kwa hesabu ya 1937 nchi ingalikuwa imekufa. Kumbe udongo unaopotea ulipungua, miti iliongezeka, na mavuno yakigawanywa kwa kila mtu yalizidi ya zamani. Si kila mahali, maana sehemu kavu za kusini bado huona njaa mvua ikikosa.

Kazi hiyo ilifanywa kwa jembe na sepeto, na sehemu kubwa na wanawake, katika vikundi vya kusaidiana viitwavyo mwethya. Njia yao moja yaitwa fanya juu. Mtu huchimba mfereji wa kukata mteremko, na udongo huutupa upande wa juu, si wa chini, ukawa tuta. Mvua ishukayo huleta udongo ikauacha nyuma ya tuta, na baada ya miaka shamba hujisawazisha lenyewe. Kahawa, ambayo wakulima Waafrika wa vilima hivyo walianza kuipanda miaka ya 1950, na soko la Nairobi lililo karibu, vilileta fedha za kulipia jasho hilo.

Mito ya nchi hiyo nayo humdanganya mpita njia. Wakati wa kiangazi huona mchanga mtupu, akasema mto umekufa. Maji yamo chini, yamehifadhiwa katikati ya chembe za mchanga, ambako jua haliyafikii kwa urahisi. Kwa sababu hiyo watu wa Machakos hujenga kuta za mawe kukatiza mito ili mchanga ujae nyuma yake. Mchanga mzito waweza kushika maji kadiri ya robo ya ujazo wake au zaidi. Mchanga uo huo hutakiwa Nairobi kwa kujengea nyumba, na malori huuchukua mchana na usiku. Katika mito iliyokwisha kuchimbwa hadi kwenye mwamba, maji hukauka mara mvua ikomapo, na wanawake wenye punda huanza safari ya mbali.