Toa Hiyo Teleskopu Kwa Kikapu, Azima Darubini

Wasee, leo nakuja na maneno makali kidogo. Kama umeweka teleskopu ya plastiki kwa kikapu pale unanunuanga vitu mtandaoni, itoe. Nitangoja.

Nasema hivi kwa sababu mimi mwenyewe nililiwa pesa. Mwaka jana nilijibana miezi minne, nikaacha chipo za jioni, nikanunua moja ya 9,500. Sanduku lilikuwa na picha ya Zohali na pete zake, na maandishi makubwa kwamba inakuza mara 525. Nikaipandisha juu ya ploti yetu Umoja. Miguu yake ilitetemeka kama ndama aliyezaliwa jana. Upepo kidogo tu, sayari imetoroka. Wiki mbili sikuona kitu ila ukungu mweupe, mpaka nikajiambia mambo ya anga si ya watu kama sisi.

Hapo ndipo hasira yangu iko. Pesa zitarudi, lakini hizi bidhaa zinafanya msee aamini shida ni yeye. Na hesabu ni rahisi: lenzi ya mbele ikiwa na upana wa milimita 60, ukuzaji wenye maana unaishia kama mara 120, tena kwa lenzi safi. Hiyo 525 ni namba ya kuuzia.

Kilichoniokoa ni darubini ya mjomba, ile ya macho mawili anayotumia akipeleka watalii Nakuru kuangalia ndege. Imeandikwa 10x50: inakuza mara 10, na kila lenzi ya mbele ina upana wa milimita 50. Nikaegemea tanki la maji, viwiko juu ya ukuta ili mikono itulie, nikaelekeza kwa ile "nyota" kubwa isiyopepesa. Kumbe ni Mshtarii! Kiduara kidogo, na kando yake nukta tatu kwa mstari. Kesho yake zilikuwa nne, na zimebadilisha nafasi. Hiyo ni miezi yake: Io, Europa, Ganymede na Callisto. Io inaizunguka Mshtarii kwa chini ya siku mbili, ndiyo maana kila usiku mpangilio ni mwingine. Galileo aliiona hiyo miezi Januari 1610 na chombo cha kukuza kama mara 20. Mimi niliiona nikiwa na slipa, katikati ya nguo zimeanikwa.

Najua kuna mtu ataniambia, "Lakini darubini kama hiyo haionyeshi pete za Zohali." Kweli, haionyeshi. Utaona nukta ya manjano, labda imerefuka kidogo. Mirihi nayo ni nukta nyekundu tu. Lakini Zuhura ikikaribia dunia, utaona imekuwa hilali nyembamba kama mwezi mchanga. Ngoja jua lizame kabisa kwanza, kwa sababu ukielekeza darubini kwa jua unaweza kupofuka. Mimi afadhali nione kidogo cha kweli kuliko ninunue picha ya sanduku.

Mwingine atasema taa za Nairobi zimeharibu anga. Zinaficha nyota hafifu, sawa, lakini sayari zinazong'aa zinapenya. Tena sisi tuko karibu na ikweta. Mshtarii ikifika kilele cha safari yake ya usiku, hapa inakuwa juu kabisa, wakati London kuna miaka inatambaa chini karibu na mapaa. Bahati hiyo tunaikalia.

Halafu hii stori ya "hayo ni mambo ya wazungu" iishe. Zuhura, Mirihi, Mshtarii, Zohali: kwani hayo majina ni ya lugha gani? Shuleni tulikariri mpangilio wa sayari ubaoni, tukapita mtihani, na hakuna siku hata moja tuliambiwa tutoke nje usiku tuziangalie.

Kwa hivyo uliza mjomba, shangazi, ama jirani anayefanya kazi ya utalii. Azima darubini wiki moja. Chora nukta unazoona kando ya Mshtarii, andika tarehe na saa, rudia kesho na kesho kutwa. Ukishaona zimehama, uje uniambie tena hii ni raha ya wenye pesa.