Amin Hakuwavika Mama Zetu

Sketi fupi ikipita barabarani, iwe Kisoko, Tororo mjini au Busia mpakani, hakosekani mzee wa kusema kwamba enzi za rais Idi Amin hapa Uganda wanawake walivaa kwa heshima kwa sababu sheria iliwanyoosha. Vijana ambao hawakuwapo wanaitikia kwa vichwa. Huo ni uongo, na unawadhulumu mama na bibi zetu.

Katikati ya mwaka 1972 Amin alipiga marufuku sketi fupi. Baadaye yakafuata mawigi, na suruali kwa wanawake. Askari wakapata kisingizio cha kumsimamisha mwanamke njiani na kumkagua magoti. Agosti mwaka huohuo akawapa Waasia siku 90 waondoke nchini, akaiita hatua hiyo vita vya uchumi. Hao ndio waliokuwa na maduka mengi ya vitambaa katika miji yetu. Maduka yakagawiwa wanajeshi na jamaa zao, mali ikauzwa ikaisha, rafu zikabaki tupu. Kiwanda cha vitambaa cha Nytil kule Jinja nacho kikazorota. Sukari, sabuni, chumvi na nguo vikawa vitu vya kupatikana kwa kibali, na kibali kilikwenda kwa mwenye mtu wake serikalini.

Uingereza nayo ilibana nguo wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Juni 1941 ilianza kuzigawa kwa kuponi, na mwaka uliofuata mafundi wakawekewa kikomo cha vifungo na marinda ili kitambaa kitoshe. Ilikuwa dhiki, lakini kila raia alikuwa na kuponi zake. Amin alidai mwanamke ajifunike zaidi huku akimwondolea kitambaa dukani. Na gomesi, vazi la heshima la mama wa kwetu Padhola, hula karibu mita sita!

Basi nani aliyewavika? Walijivika wenyewe. Gomesi iliyochakaa kiunoni, pale mshipi unapokaza, ilifumuliwa kwa wembe mshono baada ya mshono. Uzi ulizungushwa kwenye kijiti utumike tena. Upande wa ndani, ambao jua halikuufikia, ukageuzwa nje, gomesi ikashonwa upya. Ikichakaa tena, sehemu nzima zilikatwa zikawa gauni la mtoto, na vipande vya mwisho vikawa nepi. Aliyetaka kitambaa kipya alivukia Malaba au Busia upande wa Kenya, akarudi kwa njia za panya amejizungushia vitenge chini ya nguo zake. Tangu 1975 kulikuwa na mahakama ya makosa ya uchumi iliyoweza kumhukumu mfanya magendo kifo. Mwanamke aliyehatarisha roho ili apate nguo ya kuendea kanisani hakuhitaji askari wa kumfundisha adabu.

Uongo huu ungali unauma. Mwaka 2014 sheria ya kupinga ponografia ilipotiwa saini, wahuni jijini Kampala waliwavua wanawake nguo hadharani wakidai wanaitekeleza dhidi ya sketi fupi. Mahakama ya Katiba ilibatilisha vifungu vyake muhimu mwaka 2021, lakini wanaoitamani bado wapo, na hoja yao ni ileile ya enzi za Amin.

Wazee wangu, mkitaka kusifu mavazi ya miaka ile, wasifuni walioyafumua, wakayageuza na kuyashona. Amin msimtaje.